Ya Kwanza Haiguswi

Skrini ilikuwa nyekundu. Nyekundu tupu kutoka kona hadi kona, na katikati maandishi madogo meupe yakisema video haipatikani. Mimi nimesimama na magongo yangu, mpelelezi amekaa kwenye kiti kilichokuwa changu, na Injinia ameinama mbele ya kompyuta anabonyeza, anangoja, anabonyeza tena.

Pale palitakiwa kuwa na binti yangu Lavin, safu ya pili ya kwaya, na joho la buluu. Palitakiwa kuwa na nguzo iliyopasuka nyuma yao. Palitakiwa kuwa na Gathua, mwenye lile jengo la Kinoo, akiambiwa na fundi wake mwenyewe atoe watu, naye anakataa.

"Mzee, iko wapi hiyo video?" mpelelezi akauliza.

"Imefutwa," Injinia akasema. Akavua miwani. "Ya kwanza imefutwa."

Nilikuwa nimemjua mzee huyo miaka mingi na sikuwahi kumsikia akitamka maneno hayo. Katika ofisi ile yalikuwa kama tusi la mama.

Mpelelezi alisimama, akajipangusa suruali kana kwamba kiti changu kina vumbi. "Pole, mama. Mkipata kitu mnipigie." Njuguna, mwenye kampuni, alikuwa mlangoni kwake na kikombe cha chai mkononi. Akaniambia, "Kompyuta ni kompyuta, Mama Lavin. Huharibika." Mimi nimefanya kazi katika ofisi ile, kompyuta iliyoharibika naijua. Ile haikuharibika. Ile ilitumwa.

Majina ninayoandika hapa ni ya wanaotakiwa kujibu. La mzee silitaji. Sisi tulimwita Injinia na ilitosha. Alizaliwa wapi, mtoto wa nani, hayo yote watu wake waliyasoma siku ya mazishi, nami nilisimama nyuma nikayasikia. Hayakunisaidia kumjua. Nilimjua mezani, na vikombe vyake vya chai isiyo na sukari.

Ofisi ilikuwa ghorofani, kichochoro kimoja kutoka River Road, juu ya duka la spika ambazo zilijaribiwa kutwa nzima hadi madirisha yanatetemeka. Mimi niliajiriwa kufagia na kupika chai. Masomo yangu yaliishia darasa la sita kwetu upande wa Butere. Baadaye wakaniweka meza ya mbele kupokea kadi za kamera, kwa sababu sisahau uso wa mtu. Tulikuwa tunahariri harusi, mazishi, kwaya, ruracio za kupeleka mahari, chochote kile. Halafu Njuguna akapata wazo kubwa. Alitaka atengeneze programu yake ya kuhariri video, ambayo mpiga picha wa Kawangware mwenye kompyuta dhaifu angeweza kuitumia bila kompyuta kukwama. Pesa zilitoka kwa Gathua. Kumbuka hilo, nitalirudia. Na kichwa cha kuipanga kilikuwa cha Injinia.

Aliichora ukutani kwa chaki. Bomba refu lenye milango. Vijana wa kuhariri walimcheka.

"Plamba amefika! Buda, leo choo kimeziba wapi?"

"Kimeziba kichwani mwako," anajibu bila kugeuka. "Na hiyo siwezi kuzibua, vifaa vyangu ni vidogo."

Mimi alinieleza kwa njia yangu. Alisema, Mama Lavin, wewe unajua mashine ya posho. Unapeleka mahindi, inayala, inakupa unga. Sasa ukitaka mahindi yako tena? Hakuna. Yangu mimi itakupa unga na mahindi utabaki nayo. Mlango wa kwanza ni wa kupokea: video inaingia kama ilivyotoka kwenye kamera, inawekwa ndani, inafungiwa. Hiyo ndiyo ya kwanza. Mlango wa pili ni wa kukagua kama imefika nzima na ni ya nani. Wa tatu unatengeneza nakala ndogo, nyepesi, hafifu kidogo kwa macho, na hiyo ndiyo mhariri anaikatakata na kuichezea, kompyuta haichoki. Akimaliza, mashine inachukua mikato yake yote inaenda kuifanya upya kutoka kwa ile ya kwanza, na mteja anapata kazi safi. Mhariri hata awe mlevi, hawezi kuharibu kitu, kwa sababu ya kwanza hajawahi kuishika.

"Ya kwanza iko wapi?" Ndiyo ilikuwa salamu yake. Wewe unamwambia habari ya asubuhi, yeye anakuuliza ya kwanza iko wapi. Ukimjibu iko, anaitikia kwa kichwa na kusema, "Basi haiguswi," ndipo anavua koti.

Mlango wa kukagua ulizaliwa kwa aibu. Kabla ya bomba, kijana mmoja alichanganya kadi mbili. Watu wa harusi wakakaa nyumbani kwao, wakaita majirani, wakaweka video. Bibi harusi anaingia kanisani, vigelegele, mara picha inaruka, jeneza linashushwa. Asubuhi yake mama wa bwana harusi alipanda ngazi zetu na kanga mbili kiunoni.

"Nani hapa ameniulia mwanangu? Si niambieni! Mnanizikia mtoto mbele ya wakwe?"

Vijana wakajificha. Injinia alitoka peke yake, akamvutia kiti, akamsikiliza hadi mama akachoka, kisha akasema, "Mama, umetukana vizuri, lakini hujamaliza. Umesahau mashine. Itukane pia." Yule mama akacheka huku analia. Kuanzia siku hiyo hakuna kadi iliyopita mezani kwangu kabla sijaangalia uso wa kwanza na uso wa mwisho na kusema ndiyo, hawa ni watu wa huyu. Injinia aliweka kitufe maalumu cha kazi hiyo. Nikibonyeza, alama ya kijani inatokea, kadi inasafishwa na kurudishiwa mpiga picha aende kazi nyingine. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Kadi haikai na kitu baada ya alama ya kijani. Kwa nini ikae, na ya kwanza iko ndani imefungiwa?

Sauti aliipa mlango wake peke yake. "Picha ikiwa mbaya mtu atavumilia," alikuwa akisema. "Sauti ikiwa mbaya atazima." Bomba likafika mahali likagawanyika, sauti ikaenda kando, ikasafishwa, ikarudi kuungana na picha mbele. Na kwa sababu ya zile spika za chini hakuweza kusikiliza kitu ofisini, alibeba nakala za sauti kwenye mkoba kwenda nazo kwake Mutuini, akakaa na hedifoni zake mahali pametulia. Nilimuuliza siku moja kama hizo haziibwi. Akasema akishasikiliza huzifuta, hizo ni nakala, nakala hazina heshima.

Mutuini alikuwa na kuku, na hao kuku wanajulikana na kila mtu aliyefanya kazi pale. Aliwapiga video kila wakati. Alisema kuku wakitawanyika kwenye majani mabichi, hakuna mashine isiyopata taabu, kwa sababu kila unyoya unakwenda njia yake. Mlango wowote mpya ulijaribiwa kwanza kwa kuku. Wateja wakipita wanauliza, ninyi hapa mnauza nini? Vijana wanasema mayai.

Na alikuwa anapiga makofi. Mara moja tu, pa! Anaingia ofisini, pa! Anataka kusema jambo, pa! Ilitoka kwenye kamera, kwamba kabla hujarekodi unapiga makofi mara moja mbele ya lenzi, ili baadaye mlio na mikono vikutanishwe, sauti na mdomo viende pamoja. Wapiga picha wetu wote aliwafundisha hivyo. Lakini yeye ilimwingia mwilini. Hata kwenye maombi alikuwa akipiga kabla ya amina.

Usifikiri alikuwa malaika. Alikuwa na mdomo mchafu na kiburi kisichokwisha. Kijana akikosea alimwita mbele ya wateja. Alikuwa mzee wa kanisa asiyeenda kanisani. Alitunza harusi za watu wasiohesabika, na yeye hakuwa na picha hata moja ya mkewe aliyefariki. Hilo alinieleza kwenye maduka ya Adams Arcade, tulipokuwa tumekwenda kuchukua miwani yake. Tuliketi tukanywa chai, akasema ujana wake alifanya kazi katika kituo cha televisheni, na huko kanda zilikuwa haba. Kazi yake ilikuwa kuchukua kanda ya zamani na kurekodi mpya juu yake. Mkewe alikuwa amewahi kuimba katika kipindi kimoja.

"Nilimfuta mimi," akasema. "Kwa kidole hiki. Tulihitaji kanda ya mpira wa miguu."

Akavaa miwani mpya, akaanza kusoma mabango ya barabarani kwa sauti kama mtoto.

Sasa ujue kwa nini nilimwamini. Na ujue kwa nini yaliyofuata yananikera hadi leo.

Mashine za kuhifadhi zilianza kujaa. Njuguna hakutaka kununua nyingine. Nilikuwa nawamiminia chai siku waliyogombana.

"Weka mlango wa kutupa," Njuguna akasema. "Kazi ikiisha, ya kwanza itoke na nakala zake zote. Hii si makumbusho, Mzee."

"Ya kwanza haiguswi."

"Na wewe umezeeka. Unataka programu hii itoke ukiwa hai, au nitafute kijana aimalize?"

Injinia alipangusa chaki vidoleni. Kisha akasema, "Mlango utakuwa na paswadi. Yako na yangu tu. Na usifunguliwe kama mteja hajachukua kazi yake."

"Nani atakuzuia? Weka."

Akaweka. Wakati wa kuujaribu hakutumia kuku.

Mwaka uleule kwaya yetu ya Kinoo ilishona majoho mapya, ikataka video. Kanisa lilikodi ukumbi kwenye jengo la Gathua, orofa ya juu, wakati juu yake bado mafundi wanaongeza nyingine. Mimi ndiye niliyeomba ofisi iwahudumie. Mpiga picha alikuwa Shem, kijana wa kwetu. Alisimamisha kamera, akapiga makofi, pa! kama alivyofundishwa, akaiacha inarekodi watu wakijipanga. Mimi nilikuwa nyuma karibu na ngazi na birika la chai. Lavin alinionyesha kwa mkono kwamba joho lake ni refu, analikanyaga. Nikamwonyesha alikunje.

Hapo fundi wa ujenzi akashuka kutoka juu, ana vumbi mpaka kwenye kope. Akamwendea Gathua, aliyekuwa amekuja kuonwa, amesimama kando ya nguzo karibu na kamera. Mimi nilikuwa mbali, niliona midomo tu na kidole cha fundi kwenye nguzo. Niliona Gathua akimpungia mkono kama mtu anayefukuza nzi. Gathua akashuka ngazi, akanipita. Alinisalimia. "Mama, chai inanukia."

Waliimba. Wimbo haukuisha, jengo likaanguka. Mimi nilitolewa chini ya ngazi na mguu ambao hadi leo si wangu. Shem alitoka. Lavin hakutoka. Wengine wengi wa kwaya hawakutoka.

Kamera ilipatikana imevunjika lakini kadi nzima. Shem aliipeleka ofisini, kwa sababu ndiyo njia tuliyozoea. Ilipita milango yote. Injinia mwenyewe aliona yaliyomo, akabonyeza kitufe changu, kadi ikasafishwa kama kawaida. Alikuja hospitali, akasimama mlangoni mwa wodi, pa! wagonjwa wakashtuka. Akainama sikioni mwangu.

"Ya kwanza iko, Mama Lavin. Gathua yuko ndani yake, fundi yuko, nguzo iko. Uso wa mtoto uko. Nimefungia."

Ndilo lililonilaza usingizi siku zile zote. Nilizika mtoto nikiwa kwenye kiti cha magurudumu, na nilijua ya kwanza iko. Mteja alikuwa hajachukua kazi yake. Mteja alikuwa chini ya mawe. Mlango wa kutupa haukutakiwa kufunguka, na waliokuwa na paswadi walikuwa wawili.

Halafu nikaiona ile nyekundu.

Nilidhani Injinia ataondoka siku ileile, apindue meza, aende magazetini. Hakuondoka. Alirudi kazini Jumatatu. Akamaliza bomba lake, programu ikatoka, Njuguna akafanya sherehe hotelini, na Injinia alisimama kando yake kwenye picha, koti jipya. Mimi niliacha kazi. Nikikutana naye mjini nilivuka barabara. Mara moja aliniona, akainua mikono apige makofi, kisha akaishusha.

Miaka ikapita. Nikapata kibanda cha kuuza viazi karibu na barabara, Kinoo. Siku moja binti wa dada yake alikuja kuniambia mzee ananiita, hali si nzuri. Nilikataa. Akaja tena. Nikapanda boda hadi Mutuini nikiwa na matusi yangu yamepangwa.

Nilimkuta ameketi uani juani, blanketi magotini, macho yamefunikwa na utando. Kuku wanatembea chini ya kiti. Nyumba za kupangisha zimejengwa hadi kwenye ua wake, nguo za watu zinaning'inia juu ya kichwa chake.

"Ni nani?"

"Ni mimi."

Hakuniuliza ya kwanza iko wapi. Alisema, "Kaa, Mama Lavin. Nitukane kwanza, halafu nikuonyeshe kitu."

"Nimekuja na mengi, Injinia. Hayataisha leo."

"Basi anza."

Nikaanza. Nilisema hadi koo likakauka. Akaitikia kila neno kwa kichwa kama anayekagua mizigo. Nilipomaliza, akanyoosha mkono chini ya blanketi, akatoa hedifoni za zamani na kompyuta ndogo yenye ufa. Alijua vitufe kwa vidole. Akaniwekea masikioni mwenyewe.

Pa! Makofi ya Shem.

Kisha watu wakicheka, viti vikiburutwa. Sauti ya Lavin inasema, "Jamani hili joho litaniangusha." Nilishika mkono wa mzee nikaubana hadi nikasikia mifupa. Kisha sauti ya fundi, karibu sana, kama yuko uani pale: "Bosi, hii nguzo imepasuka mpaka ndani. Toa watu." Na sauti nyingine, pana, inacheka kidogo: "Wacha wamalize kuimba. Wakisikia habari ya nguzo watahama wote." Kisha hatua zinaondoka. Kisha kwaya.

Nilizitoa kabla ya mwisho. Mwisho naujua.

"Ulikuwa nayo," nikamwambia. "Siku ya nyekundu ulikuwa nayo hapa."

"Nilikuwa nayo. Nakala hii sikuifuta."

"Na ukanyamaza."

"Nilisema programu itoke kwanza, halafu nitasema. Ilipotoka, nikasema nipumzike kwanza. Kila mara kulikuwa na kwanza." Kuku mmoja akaruka juu ya goti lake, hakumfukuza. "Mlango nilijenga mimi. Lakini hiyo siku sikuufungua mimi. Gathua alimpigia Njuguna simu. Nilikuwa chumbani, nilisikia Njuguna akisema, 'Sawa bosi, leo hii.' Akaniomba nitoke. Nikatoka. Hilo ndilo langu. Nilitoka."

Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sikuwa nimemsamehe. Nilimmiminia chai, bila sukari, nikamshikisha kikombe. Alifariki kabla ya mvua. Mazishini Njuguna alisimama akasema marehemu alikuwa baba kwake, wakaonyesha video iliyotengenezwa kwa programu ileile, na watu wakasifu jinsi ilivyo safi.

Nilipeleka sauti kwa mpelelezi. Akaisikiliza nusu, akavua hedifoni. "Mama, hii ni sauti tu. Haina uso. Inaweza kuwa ya mtu yeyote." Nilimuuliza, mtu yeyote yupi huyo, mwenye jengo, anayeitwa bosi, kwenye ukumbi ule, siku ile? Akasema atarudi kwangu. Kiti kilichokuwa changu alikipangusia suruali, sauti ya mtoto wangu akaipangusia masikio.

Basi kama kinachokosekana ni uso, uso upo. Unakunywa chai Kinoo kila Jumamosi, unakagua jengo jipya nyuma ya mabati, palepale.

Njuguna, wewe ulipigiwa simu na aliyekupa pesa, ukaingiza paswadi, mlango ukafunguka. Injinia alikubali la kwake kabla hajafa. La kwako bado. Tuambie ulisema "sawa bosi" kwa nani.

Na wewe Gathua, toka nje ya hayo mabati. Sisi tuliobaki wa kwaya tutakuwa pale, na wazazi, na Shem, na mpelelezi tutamwita. Hatutakutupia jiwe. Simama mbele yetu, piga makofi mara moja, tujue umeanza. Kisha sema, kwa sauti yako mwenyewe: "Wacha wamalize kuimba."